Chumbe, Kisiwa Kilichojengwa na Wasio na Mikono

Miaka elfu ishirini iliyopita Chumbe haikuwa kisiwa. Ilikuwa kilima kidogo cha jiwe katikati ya nchi kavu. Maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda kuwa barafu, bahari ikawa imeshuka zaidi ya mita 100 chini ya ilipo leo, na ule mlango wa bahari tunaouvuka kwa boti kati ya Dar es Salaam na Unguja ulikuwa bara. Mnyama angeweza kutoka pwani ya Bagamoyo akafika hapa bila kulowesha kwato. Kisha barafu ikayeyuka. Maji yakapanda taratibu kwa maelfu ya miaka, yakaizunguka Unguja, yakakizunguka na kilima hiki, na Mwenyezi Mungu akawa ametupa kisiwa.

Na kilima chenyewe kilitoka wapi? Si volkano iliyokitapika, wala si mto ulioleta udongo wake. Zaidi ya miaka laki moja iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo sasa, mahali hapa palikuwa chini ya maji, na juu ya mwamba walikuwa wakiishi matumbawe. Walizaliwa, wakajenga, wakafa, watoto wao wakajenga juu ya mifupa ya wazazi. Bahari iliposhuka, jengo lao likabaki juani. Jiwe unalolikanyaga Chumbe, kuanzia ukingo wa maji hadi chini ya mnara wa taa, ni kazi ya viumbe ambao wengi wao hawazidi ukubwa wa punje ya mchele, wasio na mikono, wasio na macho, wasiojua kwamba wanajenga.

Boti ya kwenda huko huondoka ufukweni Mbweni, kusini ya mji wa Zanzibar, na safari haifiki saa moja bahari ikiwa tulivu. Kisiwa kina urefu wa kilomita moja hivi, na upana wa kama mita 300. Hakuna barabara, hakuna gari, hakuna duka. Vyumba vya wageni ni saba tu, vimeezekwa makuti, viko wazi upande wa bahari. Mgeni aliyezoea mji huuliza mapema: basi hapa tunafanya nini? Jibu hutolewa na maji. Yakijaa, mnakwenda kuogelea juu ya matumbawe. Yakipwa, mnatembea ukingoni kutazama vidimbwi. Katikati ya hayo mtu hulala, husoma, huzungumza. Kwa wiki nzima ya mjini sijawahi kuijua saa ya maji kupwa. Chumbe niliijua siku ya kwanza kabla ya kula chakula cha mchana, kwa sababu hapakuwa na saa nyingine iliyohusika.

Wakati wa bamvua, bahari ya Unguja hupanda na kushuka kwa takriban mita nne. Maji yakishatoka, ukuta wa kisiwa unabaki wazi, umeliwa na mawimbi kwa chini hata sehemu ya juu imening'inia mbele kama kofia. Hapo ndipo pa kusoma jiwe. Weka kiganja chako ukutani, taratibu, maana ni kali na hukata. Utaona mistari ya tumbawe lililokuwa hai enzi ambazo hakuna mji wowote duniani uliokuwa umejengwa. Utaona kombe kubwa limekwama humo, pande zake mbili bado zimekutana, kama lilivyokuwa siku lilipofunga mara ya mwisho. Aliyeliumba hilo kombe hakulisahau. Limekaa ndani ya ukuta huu, ustaarabu ukaja na ukapita, na bado umbo lake linasomeka.

Wazanzibari wamelijua jiwe hili siku zote kwa mikono yao. Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa iliyoyashikanisha ilipatikana kwa kuyachoma mawe hayo hayo. Misikiti, nyumba za mabaraza, ukuta wa Ngome Kongwe, yote ni kazi ya waashi waliochukua kazi iliyokwisha kufanywa na waashi wadogo zaidi. Nadhani ni haki kuwakumbuka hao wa kwanza pia.

Hebu tuwatazame. Tumbawe ni mnyama. Mtu akiliona likiwa limekaa pale halitembei, na matawi yake, hudhani ni mti au jiwe, na kwa kweli linakaribia kuwa vyote. Ni kundi la vijinyama laini viitwavyo polipu, kila kimoja kina mdomo mmoja uliozungukwa na vidole vya kukamatia chakula. Kijinyama hiki huchota kutoka katika maji ya bahari madini yaliyoyeyuka ndani yake, kisha hukaa juu ya chokaa kiliyoitengeneza chenyewe, kikainua sakafu kidogo, kikakaa tena. Matumbawe ya mviringo, yale makubwa yanayofanana na majabali, huongezeka kwa kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Yenye matawi huenda haraka zaidi. Ukiogelea juu ya tumbawe la mviringo lenye urefu wa mita mbili, unapita juu ya kiumbe ambaye huenda alianza maisha yake kabla babu wa babu yako hajazaliwa.

Hata hapo hatujaifikia siri yenyewe. Bahari ya tropiki yenye maji maangavu namna hii ina chakula kidogo sana. Uangavu wake ni dalili ya njaa. Kijinyama peke yake hakingeweza kujenga mlima wa chokaa kwa chakula kinachokamatwa usiku. Lakini ndani ya mwili wake, ndani ya nyama yake yenyewe, Muumba ameweka mgeni: mwani mdogo mno usioonekana kwa macho. Mwani huo hupokea jua na kutengeneza sukari, na sehemu kubwa yake humpa mwenyeji wake. Mwenyeji humpa mwani makazi na mbolea itokanayo na taka za mwili wake. Sehemu ya rangi tunazozistaajabia ni ya mgeni huyo. Kwa hiyo jengo kubwa kuliko yote yaliyojengwa na viumbe hai duniani, linaloonekana hata kutoka angani, linasimama juu ya mapatano kati ya mnyama asiyeona na mwani usiokuwa na mzizi. Nani aliwapatanisha? Mwanasayansi ataeleza jinsi, nami namsikiliza kwa hamu, kwa sababu kila anachoeleza kinanizidishia ya kumshukuru aliyeyapanga.

Juu ya jiwe hilo kuna msitu. Hili nalo lilinisimamisha. Udongo wa Chumbe ni wa kuokota kwa vidole, tabaka jembamba la majani yaliyooza katika mianya. Hakuna kisima, hakuna chemchemi, wala mto. Mvua ikinyesha hupenya ndani ya jiwe na kutokomea. Na bado miti imesimama, mizizi imetambaa juu ya mwamba na kushuka kwenye nyufa ikitafuta unyevu, majani yake mengi ni magumu na yanang'aa ili yasipoteze kile kidogo kilichopatikana. Watu wa kusini ya Unguja wanaolima maweni wanaijua vizuri ardhi ya aina hii. Wanajua jinsi inavyompa mtu kwa kipimo. Hapa hapakulimwa, hapakukatwa kuni, na msitu wa maweni umebaki katika hali ambayo kwengineko imekuwa adimu.

Ndani ya msitu huo ameletwa paa nunga. Ni paa mdogo mwekundu, miongoni mwa swala walio adimu kabisa Afrika, ambaye makazi yake yaliyobaki ni misitu ya Unguja na misitu michache ya pwani ya Kenya. Huko katika msitu wa Jozani, Unguja, hupenda kutembea chini ya kima wakila juu ya miti, akiokota maua na majani wanayoyaangusha. Mmoja anaharibu, mwingine anashiba. Chumbe hakuna kima, hana wa kumwangushia chakula, lakini pia hakuna mbwa wala mtego. Maji yake huyapata kwenye majani na umande. Mimi sikumwona. Niliona alama za kwato zake kwenye vumbi la njia, mbili ndogo zilizochongoka, na sikuona haja ya kumtafuta zaidi.

Aliyejionyesha ni kaa wa minazi. Sijui kama kuna kiumbe kingine katika kisiwa hiki ambaye maisha yake yanahitaji kutafakariwa kwa muda mrefu kama yeye.

Kaa huyu ndiye mkubwa kuliko wote katika jamii nzima ya kaa, wadudu na buibui waishio nchi kavu. Akikomaa anaweza kufika kilo nne, na akiinyoosha miguu yake hukaribia mita moja toka ncha hadi ncha. Hupanda miti. Hufungua nazi kwa magando yake. Mchana hulala kwenye mapango ya jiwe, usiku hutoka. Tulikutana naye kwenye njia, mlinzi wa kisiwa akashusha mwanga wa kurunzi upande ili usimuumize macho, naye kaa akasimama, rangi yake ya buluu iliyochanganyika na wekundu, antena zake zikitikisika, akitunusa. Maana kaa huyu hunusa hewani, uwezo ambao ndugu zake wa majini hawana haja nao.

Sasa fikiria alikotoka. Jike hubeba mayai chini ya tumbo, na yakiiva hushuka hadi ukingoni akayaachia baharini. Watoto huelea na mkondo kwa wiki kadhaa, wadogo kiasi kwamba unaweza kuwachota kwa kiganja usijue. Wengi mno huliwa. Aliyesalimika huzama chini, hutafuta kombe tupu la konokono, hujitia humo kulinda tumbo lake laini, na kwa nyumba hiyo ya kuazima hupanda nchi kavu. Miezi kwa miezi huishi hivyo. Ngozi yake ikishakuwa ngumu huliacha kombe. Na tangu hapo bahari iliyomzaa imefungwa kwake: viungo vyake vya kupumua vimekuwa vya hewa, na ukimtumbukiza majini kwa muda atakufa maji. Ataishi nchi kavu miaka arobaini au zaidi, kila mara akirudi ukingoni tu, aguse maji, ashushe mayai, ageuke. Mbona Muumba asingemfanya wa bahari moja kwa moja, au wa nchi kavu moja kwa moja? Nimejiuliza sana, na nimefurahi kutokuwa na jibu. Viko visiwa vingi alikotoweka, kwa kuwa nyama yake ni tamu, hana mbio, na huchukua miaka mingi kukua. Chumbe anapita mbele ya miguu ya wageni usiku kana kwamba wageni ni sisi, na ndivyo ilivyo.

Giza la usiku huo lina sababu. Hakuna taa za nje zinazowaka ovyo. Mgeni hupewa kurunzi na kuelezwa kwamba wenyeji wa kisiwa hufanya kazi zao gizani. Maji ya kuoga ni ya mvua, yamekusanywa kwenye paa na kuhifadhiwa chini ya sakafu, basi mtu huoga akijua anachotumia kimetoka mawinguni na kina mwisho. Umeme ni wa jua. Vyoo havitumii maji, uchafu hugeuka mbolea, na hakuna kinachomwagwa baharini. Wapo watakaosema hayo ni mashaka ya kujitakia kwa mtu aliyekuja kupumzika. Kwangu ilikuwa kinyume. Kila kiumbe pale huishi kwa kipimo alichopewa, na mwili wangu ulipoingia katika kipimo hicho ulitulia kwa namna ambayo hoteli yenye kila kitu haijapata kunituliza.

Kuna msikiti mdogo karibu na mnara wa taa, uliojengwa kwa ajili ya mtunza taa na watu wake. Mnara wenyewe ulisimamishwa mwaka 1904 kuziongoza meli ziingiazo bandari ya Zanzibar. Mtunza taa alikuwa na kazi moja, usiku baada ya usiku. Mtu huswali hapo akisikia mawimbi chini ya ukuta, na jiwe la msikiti na jiwe la mwamba vimetoka kwa mafundi wale wale.

Ni meli hizo, kwa namna fulani, zilizoyahifadhi matumbawe ya upande wa magharibi. Njia ya meli ilipita karibu, na wavuvi wenye vyombo vidogo hawakuruhusiwa kuizuia, kwa hiyo upande huo haukuvuliwa sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Sibylle Riedmiller, mama wa Kijerumani aliyeipenda bahari hii, alianza kuwaomba wenye mamlaka pafanywe hifadhi, na mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikayatangaza matumbawe hayo na msitu wa kisiwa kuwa vya kulindwa. Walinzi wa kwanza walichukuliwa kutoka kwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Lilikuwa jambo la busara kubwa. Nani mwingine angeweza kumweleza mvuvi mwenzake, kwa lugha ya mvuvi, kwamba chewa akiachwa azeeke upande huu, watoto wake watafika upande ule unaovuliwa?

Kuzamia kwa mitungi ya hewa hakuruhusiwi kwa wageni, wala si lazima. Miwani, mrija na maboya vinatosha, kwa sababu bustani yenyewe iko mita chache tu chini ya uso wa maji. Mlinzi huogelea mbele. Sheria ni fupi: usikanyage, usiguse, usiokote.

Nilipotia uso majini sikujua nitazame wapi. Pale pana zaidi ya aina 200 za matumbawe magumu na zaidi ya aina 400 za samaki, katika eneo ambalo mtu anaweza kulizunguka asubuhi moja. Kitatange wa manjano walipita wawiliwawili. Kangaja walikwenda kwa kundi lililogeuka kwa pamoja. Chini ya ukingo mkunga alikuwa amefungua mdomo akipumua, na kasa ng'amba aling'oa kitu kati ya mawe bila kutujali. Kisha nikasikia. Sauti ya kutafuna, kavu, hapa na pale, isiyokoma. Ni pono. Meno yake yameungana kuwa mdomo mgumu, naye hukwangua mwani juu ya mwamba na kumeza na jiwe lenyewe, akalisaga kooni, na akilitoa linakuwa mchanga mweupe. Pono mkubwa hutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. Ufuo ule laini ambapo mgeni hulaza mgongo wake, huenda sehemu kubwa ya mchanga wake imepita ndani ya samaki.

Katika pango moja chewa alikuwa amesimama wima, midomo wazi kabisa. Samaki mdogo mwenye mstari mweusi aliingia mdomoni mwake, akatoka kwenye shavu, akaingia tena. Alikuwa akimsafisha, akila vimelea vilivyomng'ang'ania. Chewa anaweza kummeza kwa mkupuo mmoja. Hammezi. Samaki wengine walikuwa wakisubiri pembeni, zamu zao zikifika. Nilikaa juu yao mpaka mlinzi aliponigusa bega kunionyesha kwamba mkondo umeanza kugeuka.

Bei ya kulala Chumbe si ya mwananchi wa kawaida, na ni vyema hilo lisemwe. Lakini fedha za wageni hulipia pia safari za wanafunzi wa skuli za Zanzibar, ambao huletwa kwa boti, hufundishwa kuelea, na kuingizwa majini na miwani. Watoto wengi wa visiwani, hasa wa kike, hukua hatua chache kutoka baharini bila kufundishwa kuogelea, na bila kuona hata siku moja kilicho chini ya maji wanayoyatazama kila siku. Baba zao huleta samaki nyumbani wakiwa wamekufa, rangi zimefifia. Kumwonyesha mtoto huyo pono aliye hai, kijani na waridi, akitafuna jiwe, ni kumpa haki yake.

Nina wasiwasi wangu pia. Maji yakizidi joto lake la kawaida kwa digrii moja au mbili kwa wiki kadhaa, mapatano yale ya ndani ya tumbawe huvunjika: kijinyama humtoa mgeni wake na kubaki mweupe. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipauka namna hiyo, na mengi yakafa. Mwaka 2016 joto likarudi. Chumbe nayo iliguswa, lakini matumbawe yake yalipona vizuri kuliko ya sehemu nyingi. Tumbawe lililopauka halijafa. Lina njaa. Maji yakipoa mapema, hupokea mwani upya na kuendelea.

Na matumbawe yaliyosalimika huzaa. Mbegu zao huachiwa majini, vitoto huelea siku kadhaa au wiki kadhaa juu ya mkondo, na mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, upande wa visiwa vya Bawe na Changuu, mbele ya mji, ambako nanga na nyayo zimevunja mengi. Kitoto cha tumbawe hakioni, lakini huchagua. Huligusa jiwe, hulikataa, hugusa jingine. Kikipata pagumu, pasafi, penye mwanga, hunata hapo kwa maisha yake yote na kuweka chokaa ya kwanza.